Mwonja Majani wa Kasapa

Djafari Amisi wa Kasapa ana kondoo kumi na wawili na meno tisa, na meno hayo yote yako kazini kwa ajili ya kondoo. Jani asilolijua, si halali yao mpaka alitafune yeye kwanza. Likiwa chungu, hutema, akang'oa mmea na mizizi yake. Kiangazi ndiyo balaa kubwa: nyasi zimekauka, kinachobaki kijani porini mara nyingi ni sumu, na kondoo mwenye njaa hachagui. Wanaocheka na wacheke. Tangu aanze kuonja hajapoteza hata mmoja.

Asubuhi ya Tabaski, sikukuu ya kuchinja, dume jeupe lilikuwa limeogeshwa likaogeka. Djafari aliliahidi kaburini kwa mama yake: mnyama mzima, asiye na kasoro. Mkewe Rachida, aliyempenda mno mama mkwe wake, akachuma maua mekundu kwenye ua wa jirani, akasuka shada, akaja kulivalisha dume. Dume likanyoosha ulimi.

"Ngoja!" Djafari akadakia, akanyofoa ua na jani.

"Hata maua yangu, Baba Imani?" Machozi yakamlenga Rachida.

Djafari akatafuna. Uchungu gani huo! Macho yakamtoka pima. Siku nyingine angetema mpaka Kasomeno kule mbali. Lakini mkewe alikuwa amesimama pale na kitenge chake kipya, anamtazama. Akameza.

"Iko muzuri sana, Mama Imani. Mi mwenyewe njo nitavaa."

Akalivaa, akaenda nalo kuswali. Rakaa ya pili hakuinuka.

Zahanatini, muuguzi Kyakimwa alilikuta shada bado liko shingoni.

"Papa, hiyi maua ni laurier rose, ni sumu! Inauaka ngombe muzima, na weye unavaa mu shingo?"

"Nilikula pia," Djafari akajibu kwa sauti ndogo.

Jioni moyo wake ukatulia, akauliza habari za dume.

"Iko muzima," Rachida akasema. "Tutachinja kesho, imamu anasema bado inafaa. Lakini weye, ulijua ile maua iko mubaya?"

"Nilijua iko chungu."

"Sasa juu ya nini haukutema?"

Djafari akageukia ukutani kwa aibu.

"Ulikuwa unaniangaria."

Rachida, mwanamke asiyeishiwa maneno hata msibani, akakaa sakafuni akalia kama mtoto.