Sauti ya Otis

Tangu Verna Wozniak aondoke, alfajiri ya mtaa wa Heron Bend imekuwa na shimo katikati. Mabomba ya kunyweshea nyasi hutema maji, vyura hulia bwawani, halafu hufika ile saa, na hakuna kinachobweka. Marjean Tuttle, jirani yake wa upande wa bwawa, huamka hata hivyo. Hulala macho wazi akisubiri sauti ambayo, kwa muda mrefu, yeye peke yake alijua inatoka kifuani mwa nani.

Verna alihamia mtaa huo, Florida, na mumewe Ray kutoka Ohio, baada ya kuwapikia watoto wa shule maisha yake yote ya kazi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kukanda unga, asiyekubali kupokewa mfuko. Ray alianguka siku moja akiosha gari, hakuinuka tena. Verna akabaki na Otis, mbwa mweusi mkubwa kama ndama, aliyebweka kila alfajiri gari la magazeti likipita. Mara tatu, kwa sauti nzito, kisha basi. Wazee wengine walimeza dawa zao kwa kuifuata saa hiyo.

Chama cha wenye nyumba, ambacho kanuni zake zilimfunga kila mkazi, kilipopiga kura kwamba mbwa asizidi ratili thelathini, mwanasheria wao aliwaeleza kuwa mbwa wakubwa waliokuwapo tayari wataachwa waishi mpaka kufa kwao, ila pengo lao lisizibwe kwa mwingine mkubwa. Kila mbwa wa namna hiyo akapewa kibati cha buluu, kikafungwa kwa skrubu kwenye sanduku la barua la mwenyewe. Mbwa akifa, Harlan Pickett, mwenyekiti wa kamati ya wanyama, alikuja na kigari chake cha gofu na bisibisi mkononi, akavua kofia, akakifungua. Mtaa mzima uliujua ule mlio wa skrubu yenye kutu ikizunguka.

Kila Januari mbwa waliosalia walipelekwa ukumbini kupimwa uzito na kupigwa picha, watu wakinywa kahawa na kula donati. Mwanzoni hapakuwa na pa kuweka mguu. Miaka ikapita, nafasi ikazidi kupanuka, mpaka mizani ikawa inamsubiri Otis peke yake katikati ya sakafu inayong'aa. Walimpigia makofi. Marjean hakuyapenda makofi yale. Yalikuwa ya wenyeji wanaomwangalia mgeni anayekawia kuaga.

"Bado upo tu, mzee!" Harlan alisema akimpapasa. "Verna, huyu unamlisha nini, saruji?"

"Namlisha wenyeviti," Verna alijibu. "Wewe bado hujanona."

Mwaka uliofuata, joto lilipoanza kupungua, Otis hakuonekana tena akitembezwa. Verna alisema miguu inamsumbua. Lakini alfajiri alibweka kama kawaida, mara tatu, na Marjean hakuwaza lolote mpaka asubuhi aliyopeleka bakuli aliloazima. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bwawa. Alizunguka nyuma, akachungulia kwenye mlango wa kioo.

Verna alikuwa sakafuni, amepiga magoti na kuweka viganja chini, gauni la kulalia limemwangukia mabegani, paji la uso karibu ligusane na kioo. Kando yake palikuwa na bakuli la maji lililojaa. Gari la magazeti likapita. Kifua cha Verna kikatanuka, kikatoa sauti. Haikuwa sauti ya mtu anayeigiza. Ilikuwa sauti ya Otis, na ule mkwaruzo wake wa mwisho. Mara tatu.

Kisha akageuza kichwa taratibu, akamtazama Marjean kupitia kioo, na kwa muda mfupi ndani ya macho yale hapakuwa na mtu ambaye Marjean anamfahamu.

Halafu akashika kiti, akainuka akiugulia magoti, akafungua.

"Ingia, shoga. Usisimame kwenye umande."

Marjean aliingia. Akaliweka bakuli mezani. "Otis yuko wapi?"

"Chini ya kichaka cha hibiska. Nimechimba mwenyewe, ndiyo maana mgongo umenikatika." Verna alimimina kahawa kama siku yoyote. "Kaka yangu Lonnie kule Georgia mapafu yamekwisha. Hafiki Krismasi. Ana mbwa, anaitwa Boone, ndugu wa Otis, tumbo moja. Lonnie akifa, mwenye nyumba wake atampeleka Boone kwenye banda la mbwa la serikali. Mbwa mzee, mweusi, wa ukubwa ule, nani atamchukua? Watamchoma sindano ya kufa."

"Mlete hapa, basi."

"Kwa mlango upi? Wakijua Otis amekufa, mlango umefungwa. Otis akiwa hai, Boone ana pa kuingilia."

"Si umwone daktari, kama alivyofanya Doreen wa mtaa huu? Aseme unamhitaji mbwa kwa afya yako. Kasuku wake yule mtukanaji ni wa kutuliza moyo, na sheria ya serikali inawalazimisha wamwache."

"Doreen ana ugonjwa wake, naye kasuku ana wake." Verna alicheka, kisha akaacha. "Mimi si mgonjwa, Marjean. Mimi ni mjane."

Lonnie hakufika Krismasi kweli. Verna aliendesha gari mpaka Georgia, akamzika, akarudi na mbwa aliyelala kiti cha nyuma. Alikuwa Otis mtupu, kuanzia masikio hadi mkia, isipokuwa jambo moja. Mwenye nyumba wa Lonnie hakutaka kelele, na mbwa alikuwa amekatwa nyuzi za sauti tangu ujana. Mbwa alipomwona Marjean alinyoosha shingo, akafungua kinywa, na kilichotoka ni upepo, kama mtu wa chumba cha pili anayepuliza mshumaa.

Januari alipandishwa mizani. Harlan alimzunguka mara moja, akamzunguka tena.

"Amekonda. Otis! Otis, baba!" Mbwa hakugeuka. Harlan akamtazama Marjean. "Wewe ni jirani yake. Huyu ni Otis?"

Marjean aliona mkono wa Verna ukikaza kamba.

"Kwa umri huo hata wewe tukikuita hugeuki," alisema. "Ni Otis."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mambo yangeishia pale. Lakini Boone hakuwa na sauti, na Verna aliogopa mtaa usije ukaamkia kimya ukaanza kuuliza. Akaendelea kubweka. Mara tatu zikawa nyingi zisizohesabika. Ikawa alfajiri, ikawa na mchana, ikawa hata mvua ikinyesha na hakuna gari linalopita. Marjean alimfuata uani akamsihi.

"Basi, Verna. Inatosha. Watu wananung'unika."

"Nikinyamaza wataniuliza." Alikuwa akitazama hibiska. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Kisha akasema polepole, "Na siku nyingine, shoga, si mimi ninayeanza. Mimi naitikia tu."

Marjean naye akaitazama hibiska.

Verna alikuwa amesahau kanuni moja, au aliikumbuka akashindwa kujizuia: mbwa mkubwa akiwa na kelele, ruhusa yake inakwisha hata kama yu hai. Aliitwa ukumbini. Alikuja amevaa nguo za kanisani, Boone ubavuni. Harlan aliweka simu mezani, akasema hapendi jambo hili hata kidogo, akabonyeza sauti iliyorekodiwa alfajiri. Mbweko wa Otis ukajaa ukumbi.

Boone akainua kichwa. Akasimama, akaivuka sakafu, kucha zikigonga, mpaka mezani. Akaiweka pua juu ya simu iliyokuwa na sauti ya nduguye, akafungua kinywa chake wazi. Upepo ukatoka. Akajaribu tena.

"Mbona hatoi sauti?" Harlan aliuliza.

"Hajabweka hapa hata siku moja," Verna alisema. "Msimwadhibu yeye. Ni mimi."

"Verna, usitufanye watoto."

Verna alikishika kiti kilichokuwa mbele yake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akabweka. Mara tatu. Doreen alijishika shingo. Boone alirudi haraka, akajilaza juu ya viatu vya Verna, mkia ukipiga sakafu.

Harlan aliizima simu. "Hatuna kanuni ya kumkataza mtu kubweka," alisema hatimaye, na hakuna aliyecheka. "Lakini Otis alikuwa na sauti. Huyu ni nani?"

"Boone. Mbwa wa kaka yangu."

Harlan alimgeukia Marjean, na Marjean akatazama sakafu. Kanuni ilisomwa. Mbwa aondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Verna alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wamemaliza, akaondoka naye.

Nyumba aliiuza kwa mke na mume wenye paka. Siku ya kuhama Marjean alimshikia mlango wa gari.

"Nenda kalale, shoga," Verna alimwambia. "Sasa utalala."

Verna anaishi nje ya mji wa Palatka, katika nyumba ya magurudumu, kwenye kiwanja kisicho na chama cha kupima mbwa, yeye na Boone.