Trela ya Mama Mkwe

Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe. Hampi mkono, hamkazii macho, na akimwona njiani huvuka upande wa pili. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kakamega, kando ya barabara ya Mumias, na sikuwahi kufikiria kwamba adabu hiyo ingeweza kuua mtu.

Siku hiyo mama mkwe alikuja mwenyewe na trekta na dereva wake kutoka Matungu, akaketi kwenye jiwe hatua kama kumi kutoka nilipokuwa. Mkono wa trela yake ya miwa, kile chuma kinachoiunganisha na trekta, ulikuwa umeingia ufa. Nikaona haya hata kabla sijashika kifaa. Kila nilipoinama nilijua mgongo wangu unatazamwa.

Kazi yenyewe naijua. Unasaga ufa mpaka chuma king'ae, unabana waya wa arthi unaorudisha stima kwenye mashine, kisha unaisogeza rodi ya kuchomelea mpaka ibaki nafasi ndogo tu kati yake na chuma. Stima huruka hapo, na joto lake huyeyusha ncha ya rodi pamoja na kingo za ufa, vikawa kitu kimoja. Ule unga mgumu uliopakwa kwenye rodi nao huyeyuka na kukifunika chuma cha moto kisiingiliwe na hewa. Ukipoa huwa ganda, na ganda hilo ni lazima uligonge litoke, ndipo uone umefanya nini. Fundi asiyegonga ganda hajui kazi yake, anaiombea tu.

Mimi sikuligonga. Kugonga kunataka kuinama, kuchungulia, kuzunguka huku na huku, na kila mzunguko ulinielekeza kwa mama mkwe. Nikapaka rangi nyeusi juu ya ganda, nikamwambia dereva mambo tayari, wakaondoka. Nikamshukuru Mungu kwamba yameisha.

Asubuhi yake niliinua pakiti ya rodi, nikaikuta imelowa chini. Paa langu huvuja, na mvua ya huku haibishi hodi. Rodi yenye unyevu huingiza mvuke kwenye chuma kinapoyeyuka, na chuma kikiganda kinabaki na matundu ndani. Ndiyo maana huzikausha kwanza kwenye jiko. Jana yake, kwa kukimbizana na aibu, sikukausha hata moja.

Hapo nikakumbuka kwamba mama mkwe hupanda juu ya miwa. Hukaa kileleni na fimbo mkononi, maana watu wa barabarani huchomoa miwa trela ikipita, naye hajawahi kumwachia mtu hata muwa mmoja. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka kiwandani. Mke wangu akampigia mamake, simu imezimwa. Dereva hakupokea. Nikaifunga mashine nyuma ya bodaboda, nikaenda nikijitukana njia nzima.

Niliwakuta kwenye kinu cha posho, pale wanaposaga mahindi, wakikaribia kuingia barabara kuu. Trela imejaa, mama mkwe yuko juu. Nikasimama mbele ya trekta mpaka dereva akazima injini, kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nioe. Nikamtazama mama mkwe usoni.

"Mama, shuka. Kazi yangu ni mbaya."

Akashuka. Nikachukua nyundo, nikagonga. Rangi na ganda vikaanguka pamoja, na chini yake chuma kilikuwa na matundu kama mkate. Nikagonga tena kwa nguvu, ufa ukafunguka urefu wa kidole. Nikaketi palepale kwenye matope nikicheka peke yangu, kwa furaha kwamba umefunguka hapo kwenye kinu na si kwenye mteremko wa barabara kuu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ingawa sidhani walikuwa wanamfikiria mama mkwe.

Tukauegemeza mkono wa trela juu ya jeki, mwenye kinu akaniazima stima, rodi nikazikausha kwenye jiko la mama aliyeuza chai hapo. Nilisaga yote ya jana, nikachomelea tabaka tatu, na kila tabaka nikaligonga ganda. Mama mkwe alisogea mpaka hatua mbili kutoka kwangu.

"Wewe huharakishanga kazi za watu wote kama jana?"

Nikamjibu kwamba hapana, ni yake tu, kwa sababu ya heshima.

"Hiyo heshima ingenivunja shingo," akasema. "Gonga tena, nisikie."

Nikagonga mpaka mkono wangu ukauma, chuma hakikuachia. Akaokota fimbo yake, akapanda tena juu ya miwa.

Niliwafuata nyuma kwa bodaboda, polepole, macho kwenye ule mkono wa trela, na moyo ulikuwa mwepesi jinsi ambavyo haujawa kwa siku nyingi. Tulipofika karibu na mizani ya kiwanda, mama mkwe alichomoa muwa mmoja, akanirushia.