Tusi Nililojifunza Poland

Siku moja naikumbuka kwa hasira, mwanangu, na hasira yenyewe ni juu yangu kwanza. Iliyo juu yako inakuja.

Nilikuwa kijana wa hapa Bweranyange, nimepelekwa Poland kusomea uhandisi wa maji. Baridi ya mwezi wa kwanza ikaniangusha kwa homa ya mapafu. Aliyenipikia uji wa mchele na kunifulia shuka ni Minh, Mvietnamu tuliyekaa naye chumba kimoja. Tulielewana kwa Kipolandi cha kuokoteza.

Nilipopona nikatafuta urafiki wa wenyeji. Walikuwa na neno lao kwa watu wa kwao Minh: żółtek, kana kwamba mtu ni rangi ya manjano tu, hana zaidi. Mchana mmoja, bwaloni, Minh alinishikia nafasi akaniita. Nikamwitikia kwa neno lile, kwa sauti. Meza ya wenyeji ikacheka, mmoja akanipiga bega. Nikajiona nimefika.

Minh alichukua sahani yake akatoka.

Mpishi mmoja, mama wa umri wa bibi yangu, akaacha kugawa supu akanijia.

"Unajua hao wanakuitaje ukishatoka?"

"Hapana, mama."

"Czarnuch. Ndivyo wanavyomwita mtu mweusi wakitaka kumshusha. Jana nimewasikia kwa masikio yangu. Haya, kula."

Sikula. Jioni nilimwomba Minh radhi. Akasema tu, "Mimi nilikufulia shuka," akahamia chumba kingine. Hatukuzungumza tena mpaka namaliza masomo.

Sasa wewe. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilikusikia ukimwambia yule mama muuza ndizi, "Mkimbizi wewe, rudi kwenu." Wenzako wakacheka. Mama yule kazaliwa kijiji cha Ndama, hapa hapa kwetu. Na hata angekuwa amevuka mpaka juzi, nani kakupa wewe ruhusa ya kumtukana? Nilikasirika, na bado nina hasira.

Nisikilize. Usimdhalilishe mtu kwa asili yake, wala usimchekee anayefanya hivyo, maana wanaocheka ndio wanaolilisha tusi. Kesho nenda, umwamkie shikamoo, umwombe msamaha mbele ya walewale waliokusikia. Asipokusamehe, usimlaumu; ni haki yake.

Mungu akupe ulimi usioona aibu kuomba radhi. Na popote utakapofika mgeni, akupe mtu wa kukuita kwa jina lako.