Mfalme Aliyejisomea Mifupa

Mpaka leo nikilisikia neno "inshaallah" kinywani mwa kaka yangu, damu inanichemka. Neno lenyewe halina kosa, Mungu anisamehe. Mama alitulea nalo, na mimi nalitumia kila siku. Kosa ni alivyolitumia yeye, kumfungia mtu mlango huku akionekana mcha Mungu.

Tunaishi Azaiba, huku Uarabuni, watu watatu wa damu moja: Mama, kaka yangu mkubwa na mimi. Kaka alifiwa na mkewe, mimi niliachika, na Mama miguu haimchukui tena. Wa nne alikuwa mwanamke wa Tanga aliyekuja kumwangalia Mama, akakaa nasi miaka minne. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani, aliyejua chai yake inataka hiliki punje ngapi. Mama alimwita mwanangu, na hakuwa anatania.

Kaka anafundisha historia. Mwaka jana alialikwa kutoa mhadhara juu ya Wachina wa kale: mfalme hupata wapi haki ya kutawala, na nani anaweza kumnyang'anya. Ana desturi yake. Mhadhara atautoa kwa Kiarabu, lakini kwanza humsimulia Mama kwa Kiswahili, baada ya sala ya alasiri, kahawa ikiwa mbele yao, nami pembeni napiga chapa. Husema jambo ambalo hawezi kumwelewesha Mama kwa Kiswahili, basi hata yeye hajalielewa. Hapo nampa haki yake. Kwa kusomesha, kaka anajua.

Wiki ile ile ya mwaliko simu ilitoka Tanga. Mama wa yule mwanamke alikuwa amepata kiharusi, upande mzima wa kulia umekufa, na anamuulizia yeye tu. Akaenda kumwomba kaka ruhusa. Likizo yake ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili, kwa hiyo hakuwa akiomba hisani. Kaka akainua macho kwenye kitabu akasema inshaallah. Maskini yule mwanamke, alifurahi. Yeye akilisema neno hilo huwa ameshakusudia, anamwachia Mungu yaliyobaki. Jioni ile ile akaanza kupanga nguo kwenye begi.

Zikapita siku. Kila akikumbusha, kaka alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya Mungu: Mungu akijaalia Mama apate nafuu, Mungu akijaalia apatikane mtu wa kushika nafasi. Alichokitaka kaka kilikuwa kimeshaandikwa. Alichokitaka yule mwanamke kilikuwa kinangoja Mungu apende. Kubisha ukashindwa, maana ungeonekana unabishana na Muumba.

Tulipoanza mhadhara, kaka alimsimulia Mama habari za wafalme wa ukoo wa Shang. Mfalme akitaka kujua la kufanya, iwe vita, mavuno au jino linalomuuma, aliwauliza mababu zake waliokufa na Mungu wao wa juu. Ulichukuliwa mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la kobe, ukaunguzwa mpaka ukapasuka, kisha zikasomwa nyufa. Mama akauliza aliyezisoma nani. Kaka akasema walikuwapo waaguzi, ila mara nyingi neno la mwisho lilikuwa la mfalme mwenyewe. Mama akasema kumbe anauliza yeye na anajijibu yeye. Nilicheka kwa sauti. Kaka hakucheka.

Siku nyingine tukafika kwa mfalme wa mwisho wa ukoo huo, aliyeamini kwamba Mbingu imeshampa ufalme na haiwezi kumpokonya. Ukoo wa Zhou ukampindua, kisha ukajieleza: Mbingu haina jamaa, humpa ufalme anayewatendea watu wema na humwondolea anayewaonea. Kaka alikiri kwamba mshindi hakosi la kujitetea. Lakini wazo hilo, alisema, liliwanasa hata walioliunda. Tangu hapo kila aliyejiita mwana wa Mbingu alikaa na hofu. Ukame ukija, mto ukifurika, watu wakinung'unika, huenda ameshaachwa. Wenye hekima waliokuja baadaye wakafika mbali zaidi, wakasema Mbingu husikia kwa masikio ya raia. Kaka alilirudia hilo mara mbili, lilivyompendeza, akaniambia niliandike vizuri.

Yule mwanamke alikuwa amesimama pale pale na dele la kahawa. Ilikuwa wiki ya tatu. Alingoja kaka amalize, akaomba tena, kwa adabu, sauti imemkauka. Mama yake hawezi sasa hata kumeza uji. Kaka akamwambia inshaallah, mhadhara ukipita. Akaongeza kwamba Mwenyezi Mungu amemkabidhi yeye nyumba hii na mama huyu, na siku ya siku ataulizwa.

Nilitamani kumrushia kompyuta. Masikio ya raia nimetoka kuyaandika kwa vidole vyangu, na raia yuko hatua mbili kutoka alipo, anammiminia kahawa. Sikurusha kitu. Nilimuuliza kama tuendelee.

Mama ndiye aliyesema. Alikisukuma mbali kikombe chake.

"Mie sili tena humu ndani mpaka mwanangu huyu apelekwe kwa mamake."

Kaka akamwambia kwa upole kwamba Mungu hapendi mtu ajidhuru.

"Mungu mwache. Nnasema mie."

Hakula jioni ile, wala asubuhi. Uji niliompelekea aliugeuzia mgongo. Mwanamke wa Tanga alimpigia magoti akimsihi, naye akamwambia anyamaze, haya ni baina yake na mtoto aliyemzaa. Adhuhuri kaka akatoka chumbani kwake, ndevu hazijachanwa, akakata tiketi ya kesho yake. Baadaye nikamsikia kwenye simu akimweleza rafiki yake kwamba Mungu amefungua njia. Hata hapo alijisomea mifupa mwenyewe.

Yule mwanamke alifika Tanga siku moja baada ya maziko. Habari ilipotufikia, Mama alilia kama aliyefiwa na dada yake. Kaka akasema ndivyo Mwenyezi Mungu alivyopanga. Mimi nikamwambia si Mungu, ni wewe. Tangu nizaliwe sikuwahi kumjibu hivyo. Akaniomba nimchapie upya kurasa za mwisho kwa herufi kubwa, macho yanamsumbua. Nikamchapia. Siku ya mhadhara ukumbi ulijaa, na alipofika kwenye masikio ya raia watu walipiga makofi. Nilikaa nyuma kabisa.

Baada ya siku chache nikampigia yule mwanamke simu Tanga. Nilimpa pole, kisha nikamlaani kaka yangu kwa kila neno nililolijua, la Kiswahili na la Kiarabu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akaniuliza ile pasipoti yake, iliyoshikwa na kaka tangu alipofika kwetu, nami nikamkabidhi siku ya safari, niliitoa wapi.

Nikamwambia kwenye droo ya meza ninayochapia.

Akauliza kama droo hiyo ina kufuli. Nikasema haina.

"Na wewe dada ulikuwa unajua imo humo?"

"Nilikuwa najua," nikamjibu. "Nilikuwa nangoja kaka aseme."