Kidude cha kupima sukari kwenye mkono wa mke wangu kilivyonikamata mimi

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninachosimulia kimetokea kweli. Kama ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Naishi Songea, Bombambili. Nina miaka arobaini na tisa, digrii mbili, binti mmoja, Editha, na tabia ya kumfundisha fundi bomba maji yanavyopita.

Mwaka jana mke wangu Osmunda alikuwa mjamzito, na ana kisukari. Ujauzito wa kabla ya huo tuliupoteza ukiwa na miezi minane. Kwa hiyo sukari ilipoanza kuyumba, daktari akamlaza, na mimi nikajiapiza kwamba huyu hapotei kwa uzembe wa mtu yeyote.

"Mtu yeyote" nilimaanisha mama mkwe.

Mama mkwe anatoka Mpitimbi. Kila siku mchana alileta magimbi ya kuchemsha. Mimi kila asubuhi nilipika uji wa lishe, nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikapanda bodaboda hadi wodini. Osmunda aliuweka, akaunywa saa nne.

Sukari sikuweka hata chembe. Niliweka asali mbichi, vijiko vinne, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba asali ni ya asili, haimdhuru mwenye kisukari.

Nilisoma humu humu jukwaani. Aliyeandika simtaji, ila nilimpa like.

Manesi walikuwa wanamtoboa kidole mara nne kwa siku. Kabla ya chakula cha mchana, sukari ilikuwa juu. Dozi ya insulini ikaongezwa. Bado juu. Ikaongezwa tena. Mimi nikiyatazama magimbi kwa chuki.

Alasiri Osmunda alikuwa akitokwa jasho na kutetemeka mikono. Hakumwambia nesi. Alidhani ni uchovu wa mimba.

Ndipo daktari, binti ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha chuo, akambandika kidude nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kidogo kama kizibo cha soda. Ndani kina kiuzi kinachokaa chini ya ngozi, kinapima sukari kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, na kwenye simu unauona mstari ukitembea.

Siku ya tatu daktari akaniita wodini saa nne na nusu. Mama mkwe siku hiyo alikuwa amewahi, amekaa upande wa pili wa kitanda, amenipa mgongo. Kwetu mama mkwe na mkwe hawasemeshani ana kwa ana. Akiwa na neno lako analipitishia kwa binti yake, na wewe umesimama pale pale.

"Shikamoo mzee," daktari akasema. "Angalia hapa. Kila siku baada ya saa nne kuna mlima. Halafu alasiri kuna bonde. Bonde ndilo linanitisha. Saa nne anakula nini?"

Nikakohoa. Nikaanza somo kuhusu wazee wetu wa vijijini na vyakula vya wanga. Nilikuwa nimefika kwenye historia ya magimbi.

"Osmunda," mama mkwe akasema, akitazama dirisha, "mwambie mumeo magimbi unakula saa saba. Kama digrii zake zinajua kusoma saa."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajifunika shuka usoni. Shuka likatikisika.

"Saa nne nakunywa uji wako, Baba Editha," mke wangu akasema polepole. "Leo nimeshakunywa."

Daktari akaniwekea simu mkononi. Sukari tisa nukta moja. Mshale unaelekea juu. Tukasubiri. Tisa nukta nane. Kumi nukta nne.

Wakuu, nimesoma vitabu vingi kuhusu mwili wa binadamu. Sijawahi kuona kijiko changu kikipanda ndani ya damu ya mtu ninayempenda. Nikakaa kwenye kitanda cha Osmunda bila kuomba ruhusa.

Daktari akaeleza taratibu. Asali inapandisha, manesi wanakuta sukari iko juu, insulini inaongezwa, uji unaisha nguvu, insulini inabaki, sukari ya mjamzito inaporomoka. Vipimo vinne vya kidole havikuwahi kuliona bonde lile.

"Kwa nini uliendelea kunywa?" nilimuuliza Osmunda baadaye. "Mbona siku ya kwanza ulisema huupendi?"

"Ulikuwa unaamka saa kumi na moja kuupika. Ningekukatalia vipi?"

Uji ukasimamishwa, dozi ikapunguzwa. Siku iliyofuata niliona mstari umetulia kama barabara ya lami mpya. Kidole kiliendelea kutobolewa kuhakiki, ila mstari ndio ulioonyesha njia.

Baada ya wiki tatu alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Watoto wa mama mwenye kisukari hupimwa sukari wakishazaliwa, kisigino kinatobolewa. Nilisimama mlangoni nikisubiri namba moja tu.

"Iko vizuri, baba," nesi akasema. "Njoo umshike."

Nilichojifunza: upendo wangu ulikuwa na wanga mwingi, na niliupeleka bila kumuuliza mtaalamu. Muulizeni daktari kabla ya kufunga chakula cha mgonjwa, hata kile mnachojivunia.

Madaktari mliomo humu, nirekebisheni nilipopotosha. Na wewe uliyeandika ule uzi wa asali, jitokeze tuzungumze. Mtoto mzima, sina hasira.