Mama na Zimwi la Ziwani

Harufu ya tope la ziwani, lile lenye majani yaliyooza, hunirudisha moja kwa moja Maryland, Jumapili ile nilipoamini kwamba mama yangu ataliwa.

Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kiaustralia huko Bladensburg. Shule zikifungwa nilikwenda naye kazini, na bibi yule, blanketi likiwa limemfika kidevuni, alinisimulia habari za Bunyip, zimwi la kwao linaloishi kwenye vinamasi. Hunguruma chini ya maji, kisha humkamata mtu mguu. Bibi alicheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Sasa fikirieni wenyewe: wiki hiyohiyo Mama alikuwa abatizwe. Kanisa letu la Wakenya lilikodi ukumbi wa shule kule Temple Hills, birika la ubatizo halina, basi tukaenda ziwani na masufuria ya pilau, viti vya kukunja na kina mama wa kwaya.

Mama alipovua viatu nilimng'ang'ania kanzu nikamweleza yote, kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto wa huku. Alichuchumaa, akaniuliza polepole, "Na hiyo kitu inakaa wapi? Hapa kando, ama kule ndani?"

Nikamwambia katikati, kwenye kina.

Akamgeukia mchungaji, aliyekuwa tayari majini hadi kifuani. "Pastor, rudi huku. Mimi nitakaa chini."

Na kweli alibatizwa ameketi, maji kiunoni, wakamlaza chali kama mtoto anayeoshwa nywele. Kwaya iliimba huku ikijikaza isicheke. Nilimpenda mno siku ile, kwa kukubali kuchekwa na kanisa zima ili mimi nisiogope.

Hivyo ndivyo nilivyoamini miaka yote. Juzi nilimpeleka binti yangu kujifunza kuogelea, nikamwona Mama amekaa mbali kabisa na bwawa, mkoba kifuani. Nilipomuuliza, ndipo aliponiambia kwamba ndugu yake mkubwa alizama mtoni kwao, yeye akiwa msichana mdogo, na kwamba asubuhi ile ziwani alikuwa ameshaamua kurudi nyumbani bila kubatizwa. Kumbe maswali yake hayakuwa ya kunibembeleza. Alikuwa anauliza kweli.

"Mimi nilikuwa naogopa maji yote," alisema. "Wewe ukaniambia ni katikati tu."