Siku Baba Alipovua Buti Kasubi

Enzi zetu mtoto hakuulizwa angependa kwenda wapi siku ya Jumapili. Alikamatwa, akasuguliwa visigino kwa jiwe, akapakwa mafuta mpaka inzi wakateleza, kisha akaambiwa twende. Ninyi mliocheza kwepena, ule mchezo wa kulengana na kukwepa, pale mtaani Bwaise hadi mpira wa soksi ukapotelea gizani mtanielewa. Ilikuwa miaka ya utawala wa kijeshi. Sukari ilikuwa hadithi, tukinywa chai kavu na kuambiwa utamu uko kwenye kabalagala, vile vitumbua vya ndizi. Sabuni nayo iliadimika, hata mama akafulia majani ya mpapai, na nguo zetu zikanukia shamba.

Jumapili moja mama alitangaza kwamba tunakwenda Kasubi, kwenye nyumba ya kale walikolazwa wafalme wa Buganda. Senga wake, yaani shangazi aliyemlea, alikuwa mmoja wa wanawake wanaoitunza nyumba ile. Mama alikuwa ameolewa na baba, sajini wa polisi kutoka kaskazini, bila kupitia kwa senga, na kwao ndoa ya namna hiyo ni kama haijafungwa. Tangu nizaliwe, mama na senga wake hawakuwa wamesalimiana. Tulikuwa tunakwenda kuomba baba apokewe.

Baba alitoka zamu asubuhi ile akiwa na sare.

"Baba Zaituni, vaa shati la kawaida," mama alimsihi, akimwita kwa jina langu.

"Shati la kawaida liko kwenye kamba, linachuruzika maji ya mpapai."

Tukapanda kilima hivyo hivyo, mama akitufundisha njiani. Tusiseme kwamba wafalme wamekufa. Wameingia msituni, na msitu wenyewe uko ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la magome ya mti. Mimi nilishika moja tu: mle ndani kuna chui aliyekaushwa, aliyefugwa zamani na mfalme.

Siku zile sare ikionekana langoni, watu hawakuuliza imefuata nini. Walinyamaza kwanza. Wanawake waliokuwa wakisuka mikeka uani waliacha kusuka. Baba akainama mlangoni, chini ya paa la nyasi lililokaribia kugusa ardhi, akaanza kufungua kamba za buti. Zilikuwa ndefu, na kimya kile kilizirefusha zaidi. Buti lilipotoka, kidole gumba kilichungulia kwenye tundu la soksi. Mama akatazama pembeni. Baba akavua na soksi.

Ndani kulikuwa na giza la ubaridi na harufu ya nyasi mbichi. Tuliketi mikekani, miguu tumeikunja, nami nikajificha mgongoni kwa mama nisionwe na chui. Senga, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alimtazama baba kwa muda mrefu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Senga."

"Mwambie yuko mbele ya mfalme."

Baba hakujua Kiganda sawasawa, kwa hiyo mama akamfasiria kwa Kiswahili. Nadhani mama alitarajia baba ainamishe kichwa. Lakini polisi akiambiwa mfalme yupo, anajua jambo moja tu. Baba alisimama wima, akaunganisha visigino vitupu, puu, juu ya nyasi, akalipigia saluti lile pazia. Mama alifunika uso kwa viganja. Mahali pale hakuna anayesimama mbele ya mfalme.

Senga alimgeukia mama. Kisha akasema, "Wenye sare wakija hapa huuliza wafalme wamezikwa wapi. Huyu hakuuliza. Amemsalimu." Akavuta mkeka vizuri. "Sasa mwambie mkwe wangu akae chini, anamzuia mfalme kutuona."

Mkwe wangu. Mama alicheka huku analia. Senga akaleta kikapu cha buni za kumkaribishia mgeni, akampa baba wa kwanza chache kiganjani, naye kwa heshima akazimeza zote mara moja.

"Hizo hutafunwa," Senga akamwambia. "Si kwinini."

Tuliteremka Kasubi baba akiwa pekupeku, mabuti yamening'inia begani, akicheka peke yake.

Nyumba ile baadaye iliungua, ikajengwa upya. Juzi nilimpeleka binti yangu. Watoto wa leo huvua ndala kwa kutikisa mguu tu, na huwa wamekwishaingia kabla hawajafika. Binti yangu aliligeuzia pazia mgongo ajipige picha, akauliza kama humo mtandao unashika. Nikamsimulia habari za babu yake, ambaye sasa naye, wafalme wanisamehe, ameingia msituni.

"Alisimama wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akaficha simu, akaenda pale pale, akaunganisha visigino vyake vitupu na kuinua mkono.

Nikauvuta mkeka vizuri. Kisha nikamwambia, "Kaa chini, mama, unamzuia mfalme kutuona."